Sauti ya Kujaribia

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa redio, na mdomo wake ndio uliomponza. Sitii chumvi. Siku ile alikuwa kibandani kwake, mchana kweupe, akigombana na bintiye kuhusu chai iliyozidi sukari. Binti tulimwita Chiriku, maana tangu aamke mpaka alale hafungi domo. Mjomba alijifanya anakereka, lakini Chiriku akinyamaza kidogo tu, anamuuliza, "Unaumwa?"

Akaingia mama mmoja mpole, kakumbatia amplifaya.

"Haina sauti, fundi."

Mjomba akaifungua. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba na kuvuja, na maji yake yameitafuna bodi mpaka njia za shaba zimekatika. Kwa kawaida maji hayo hunuka shombo. Haya yalinuka mdomo wa mtu aliyetoka usingizini.

"Ukimaliza, utaijaribu kwa sauti ya nani?" mama akauliza.

Mafundi wengine hujaribu kwa muziki. Mjomba alikuwa na mtindo wake: Chiriku aongee kwenye maiki, maana sauti yake safi huumbua kila mkwaruzo. Akajigamba, "Ya binti yangu. Hakuna nyingine kama hiyo."

"Umesema mwenyewe," mama akajibu, akaondoka.

Kesho yake mjomba aling'oa kapasita mbovu, akasugua bodi kwa spiriti na mswaki, akakwangua shaba mpaka ikang'aa, akaunga kila njia iliyoliwa kwa waya mwembamba. Akafunga kapasita mpya, hasi kwa hasi, chanya kwa chanya. Akawasha. Hakuna moshi. Yule mama alikuwa amesharudi, kasimama mlangoni. Mjomba akamwita Chiriku, roho yake kwatu.

"Moja, mbili. Baba, leo unapika wewe. Moja, mbi..."

Spika ikamalizia. "Li."

Midomo ya Chiriku ilikuwa bado inacheza. Sauti ilitoka kwenye spika tu. Mjomba akazima. Kimya. Chiriku akashika koo, akapiga ukelele. Machozi yalitoka. Ukelele haukutoka.

Mjomba alipoinua macho, yule mama alikuwa ameshachomoa waya na kubeba mzigo wake.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima kabisa. Nyumbani mjomba akamulika mwenyewe. Nyuma ya ulimi kulikuwa na mistari ya kijani, imenyooka, ina kona. Aliijua mistari ile. Ilikuwa njia za shaba iliyoliwa, zilezile za kwenye bodi.

Akamwacha Chiriku kitandani, akamsaka yule mama mtaa kwa mtaa mpaka akaipata nyumba. Jirani alimnong'oneza kwamba kijana wa mle hajatamka neno tangu azaliwe. Mjomba akabisha hodi. Akafungua kijana mwenyewe, pande la mtu, ndevu kidevu kizima.

"Baba," akasema kwa sauti ya Chiriku. "Mbona umechelewa?"

Mjomba akapiga magoti. Alilia bila aibu, akaomba achukuliwe sauti yake yeye, bintiye arudishiwe yake. Mama akamgusa bega.

"Mkono wako mzuri, fundi," akasema polepole. "Huyu ana mdogo wake. Haoni. Televisheni unatengeneza?"

Alirudi mbio. Kitanda cha Chiriku kilikuwa kitupu. Akakimbilia kibandani. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile, ufunguo uko mfukoni mwake.

Akafungua. Mezani palikuwa na televisheni isiyo na waya, kioo chake bado cha moto. Mbele yake ameketi Chiriku.

Mjomba akapitisha kiganja mbele ya uso wake. Chiriku hakupepesa.