Baba Yangu Yu Hai, Mimi Ndiye Niliyemwandika Marehemu

Nina miaka ishirini na moja, naishi Magomeni na baba yangu. Wasomaji wenzangu, nilikuwa nasoma mikasa ya watu nikisonya: huyu naye, hakuwa na akili? Haya, leo zamu yangu. Nisonyeni!

Mama aliachika nikiwa darasa la pili, akaolewa Tanga. Baba ndiye aliyenilea. Anakaanga samaki soko la Feri, mikono yake imejaa makovu ya mafuta ya moto, na kanzu yake ya Ijumaa uifue utakavyo, bado inanukia samaki. Kila asubuhi nikimwambia, "Shikamoo baba," aliitikia, "Marahaba, nesi wangu." Nesi! Nami wakati huo hata kufunga kamba za viatu sijui vizuri.

Nikamaliza kidato cha sita, nikafaulu, nikaomba chuo kusomea uuguzi. Kilichobaki ni mkopo wa serikali. Bila mkopo, kwa samaki wale wa baba, ningeishia getini.

Baba aliniambia, "Nenda kamuulize mwalimu wako, hayo ndiyo mambo yake." Nikamwona wa kizamani. Kwenye grupu letu la WhatsApp kila mtu alikuwa mtaalamu! Wakasema wenye wazazi wanaachwa, yatima ndio wanaopewa. Nani kayaona wapi? Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza... Nikaingiwa na hofu, usingizi ukapaa.

Ndipo mmoja wa grupu akanipeleka kwa Side.

Side alikuwa na stationery Kariakoo, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitenge. Alijaza fomu za watu, foleni mpaka nje. Akaniuliza kama baba yupo. Nikamwambia yupo, anakaanga samaki Feri.

"Basi huyo mfanyabiashara. Umekosa, dada. Mtoe."

"Nimtoe wapi?"

"Duniani! Kwenye karatasi tu, mzee ataendelea kula ugali wake."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, jamani! Akasema cheti cha kifo atakitengeneza yeye, mihuri yote anayo. Akaniuliza tarehe. Tarehe ya nini? Ya kufa mzee! Nikababaika. Iliyonijia haraka ni siku niliyoripoti kidato cha tano, ndiyo niliyoikumbuka vizuri. Akaiandika huku anatafuna karanga.

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa ameniwekea changu mkubwa kuliko wote, akawa ananichambulia miiba kama mtoto mdogo. Akaniuliza kama fomu imekwenda. Nikamjibu imekwenda. Nikamla yule samaki mpaka kichwa... Moyo wangu ulikuwa wa namna gani?

Njia ya mwongo ni fupi. Baada ya wiki kadhaa nikapata ujumbe: fomu ina kasoro, cheti cha kifo hakitambuliki. Nikakimbilia Kariakoo. Mlango wa Side una kufuli! Jirani yake, mama muuza vifungo, akaniambia Side kahama na mimi si wa kwanza kuja kumuulizia. Nikapiga simu, haipatikani. Nikakaa kwenye ngazi za watu.

Baba aliponiona macho mekundu akanibana. Nikampa nusu ya ukweli, kwamba fomu ina kasoro kwenye taarifa za mzazi. Hapo ndipo nilipojimaliza!

"Mzazi si nipo?" akasema. "Kesho siendi Feri. Tunaenda wote."

Nilimzuia kwa kila njia. Kuna foleni, baba. Kuna jua, baba. Nitakwenda mwenyewe, baba. Hakunisikia. Asubuhi akavaa kanzu na kofia yake, akatia kitambulisho mfukoni. Njia nzima anawaza atakavyowaeleza wakubwa.

Kwenye foleni ya ofisi ya mikopo nilimwomba Mungu umeme ukatike. Haukukatika. Zamu yetu ikafika, baba akasogea dirishani.

"Mimi ndiye baba yake. Nimekuja mwenyewe."

Mama wa dirishani akaangalia kompyuta, akamwangalia baba, akaangalia tena. Akasema taratibu, "Shikamoo mzee. Hapa mwombaji ameandika baba yake ni marehemu."

Baba akatabasamu! "Mmechanganya, mama. Tazama vizuri."

Mama yule akamgeuzia kioo cha kompyuta. Majina yake yote matatu yalikuwa pale. Akayasoma polepole, kidole kikifuata. Kisha akanigeukia. Nikatazama sakafu...

"Nilikufa lini?" akauliza.

Mama yule akamsomea tarehe.

"Siku hiyo," baba akasema, "nilikubebea godoro kichwani mpaka bwenini."

Nikaambiwa fomu yenye cheti cha kughushi hairekebishwi, na nishukuru sijakabidhiwa polisi. Baba alikuwa ameshatoka, anatembea mbele yangu, hageuki.

Nafasi ya chuo ikapotea. Leo nakunja vitenge kwenye duka la watu Kariakoo, na pale kwa Side panauzwa makava ya simu. Na mwajua kinachoniuma? Rafiki yangu wa dawati moja, baba yake mbeba mizigo Buguruni, aliandika ukweli mtupu. Akapata mkopo!

Wadogo zangu mnaomaliza shule, nawaomba. Vyeti vyenu vitafuteni mapema, kabla pilikapilika hazijaanza. Waulizeni walimu wenu, msiulize grupu. Fomu jaza mwenyewe, usome kila mstari kabla hujaituma. Na kama baba yako yu hai, andika yu hai! Umasikini wake si aibu yako.

Mwaka huu naomba tena. Fomu nimeijaza kwa mkono wangu, neno kwa neno la kweli. Imebaki saini ya mzazi. Nimeiweka mezani chini ya chupa ya chai, wiki ya pili sasa. Baba anainua chupa, anamimina chai, anairudisha palepale juu ya fomu. Kumwomba sina uso, na dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Nifanyeje, jamani?

Leo asubuhi nimemwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia.

Nikasimama nikingoja lile neno la pili. Akavaa kandambili zake, akaenda Feri.