Maji ya Uongo Lukombe

"Mchele una mawe. Lukombe."

Ujumbe ulimkuta Odilia mezani, Ifakara mjini, mbele ya wali na kambale wa nazi. Akasoma mara moja, akafuta, akasimama.

Kumwacha kambale wa Kilombero nusu sahani si jambo dogo. Kuna watu wamevunja uchumba kwa makosa madogo kuliko hayo.

Lakini kwa lugha ya Kitengo, idara yake ya siri, mchele ukiwa na mawe maana yake ni moja. Kuna mtu amechafua taarifa ambayo watu wanaikabidhi roho zao.

Baada ya daraja kubwa, lami ikaisha na maji yakaanza. Pikipiki yake, Boxer, ilikuwa inakata mafuriko kama kiboko mwenye haraka. Mgongoni alikuwa na begi la dalali wa mpunga. Ndani ya begi kulikuwa na mizani ndogo, simu ya setilaiti ya Thuraya na bambo, ule mkuki mfupi wenye uwazi ambao wanunuzi huchomea gunia wachote punje za kuangalia. Chini ya khanga kulikuwa na Glock 19.

Sikioni, sauti ya mkuu wake, Pantaleo, ikakwaruza.

"Kambale, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu. Na hilo jina leo usiniite, nimemwacha mwenzangu kwenye sahani."

"Sikiliza. Kuna tangazo la marubani. Linasema kiwanja cha Lukombe kimefungwa, kimejaa maji. Kila rubani analisoma kabla hajawasha injini."

"Barabara ndiyo imejaa. Kiwanja kile kiko kwenye mwinuko."

"Ndiyo maana nimekutuma wewe. Ndege halali zimeacha kwenda. Lakini watu wa njia ya Malinyi wanasikia injini inashuka."

"Meno ya tembo?"

"Na magamba ya kakakuona. Jamaa anajiita Lenz. Ana pasipoti tatu na sura moja, na hiyo sura yenyewe si nzuri."

Odilia alicheka kidogo. Pantaleo hakucheka.

"Kuna lingine. Jumatatu, mama mmoja wa Lukombe amefia zahanati akisubiri ndege ya madaktari. Ndege ilikuwepo hapo Ifakara, ina mafuta. Rubani alisoma tangazo, akatii."

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Akaongeza moto.

*

Kiwanja cha Lukombe kilikuwa kikavu.

Kikavu cha kutoa vumbi.

Odilia aliegesha pikipiki akatazama, na hasira ikampanda taratibu kuanzia magotini. Kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, njia ya ndege ilikuwa imetandikwa maturubai ya bluu, na juu yake mpunga mpya ukiota jua. Kipande cha upande wa mto tu ndicho kilichokuwa na tope. Bonde lote chini lilikuwa ziwa. Hapa juu ndipo pekee pa kuanikia, na kila mwenye shamba alikuwa na nafasi yake.

Mahali ambapo tangazo lilisema "maji", wanawake walikuwa wanageuza mpunga kwa miguu.

"Dada! Wewe ndiye wa ndege?"

Aliyekuja mbio alikuwa amevaa sare nyeupe ya nesi na gambuti. Bernadetha, nesi wa zahanati.

"Mimi nanunua mpunga," Odilia alisema. "Ndege ya nani?"

"Ya Dativa, mjamzito wangu. Mtoto amelala kimkingamo tumboni, anahitaji upasuaji. Barabara hakuna, kwa mtumbwi hatafika. Nimepiga Ifakara tangu asubuhi, rubani anasema hapa pamefungwa. Pamefungwa na nani? Hebu ona! Pamefungwa na nani?"

Odilia akatazama macho yale mekundu, akamwomba namba. Akatoa Thuraya, akampigia rubani wa madaktari.

"Ritha hapa."

"Ritha, naitwa Odilia, kazi za serikali. Nimesimama kwenye kiwanja cha Lukombe. Ni kikavu. Njoo."

"Dada, nakuheshimu. Siji."

"Kuna mama anakufa!"

"Najua. Na nyuma yangu nabeba daktari na nesi, nao wana mama zao. Mwaka juzi niliitwa hivi hivi kwa simu, 'njoo, ni kikavu', nikakuta ng'ombe na shimo. Tangazo likibadilishwa kwa njia yake, nitakuwa nimeruka kabla hujameza mate. Kwa maneno ya simu, siji."

Simu ikakatwa.

Odilia akatukana. Kisha akakasirika zaidi, kwa sababu yule dada alikuwa na haki.

Ngaaa!

Chuma kiligongwa mara moja. Kwenye kibanda cha kiwanja kulikuwa na rimu la lori limening'inizwa. Wanawake wote wakainama pamoja, wakaanza kukunja maturubai na kuyavuta pembeni.

"Shikamoo, mama," Odilia alimwambia mmoja aliyekuwa anaamrisha wenzake. "Mnakimbilia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi Yosefina. Hatukimbii, tunapisha ndege. Wendelin wa kiwanja akigonga mara moja, tunakunja. Akigonga mara mbili, tunaanika. Ndiyo utaratibu wetu tangu zamani. Punje zikiruka zinaharibu injini za watu."

"Ndege zinatua hapa?"

"Hii ya mzungu anayesema ananunua mbegu. Inakuja, inaondoka."

Odilia akamgeukia kabisa.

"Mama, huyo Wendelin ndiye anayetuma habari za kiwanja Dar es Salaam. Ametuma kwamba hapa pana maji. Ndiyo maana ndege ya madaktari haiji."

Bi Yosefina aliacha turubai likadondoka.

"Maji?"

"Maji."

"Maji gani? Jumatatu nimempoteza mkwe wangu. Nilikaa hapa hapa, kwenye mpunga wangu, natazama juu ndege yake inatokea wapi. Wendelin alikuja msibani, akala wali wangu, akaniambia pole mama, ni mipango ya Mungu." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Maji gani, mwanangu?"

Mlio wa injini ukasikika kutoka milima ya Udzungwa.

"Mama, mkiniona nimelifikia lile rimu," Odilia alisema, "nitagonga mara mbili."

Bi Yosefina akajifunga khanga kiunoni.

"Gonga."

*

Cessna 206 ilitua, ikaviringika hadi mwisho, ikageuka. Injini haikuzimwa. Land Cruiser ikatoka vichakani na magunia yaliyoandikwa MPUNGA. Mlinzi mwenye SMG akaruka chini.

Odilia alimwendea anatabasamu, bambo mkononi.

"Kaka, za leo? Huo mpunga mnauzaje?"

"Toka hapa, mama. Umeshauzwa."

"Ngoja nionje tu."

Akachoma gunia. Bambo likagonga kitu kigumu. Akalichomoa. Badala ya punje, magamba ya kahawia yakamwagika.

"Mpunga huu unakobolewaje?"

Mlinzi akainua SMG.

Akachelewa. Bambo lilimpiga kwenye kifundo cha mkono, goti likamkuta tumboni, na alipofungua macho alikuwa anatazama tundu la Glock kwa karibu kuliko alivyopenda.

"Lala. Kifudifudi. Pumzika, umefanya kazi sana."

Dereva alichagua kukimbilia mafurikoni. Hakuna aliyemfuata. Huko kuna mamba, nao wana utaratibu wao.

Lenz, aliyekuwa anaiendesha ndege mwenyewe, aliona yote kupitia kioo. Akasukuma injini.

Odilia akanyakua SMG ya mlinzi, akakimbilia kibandani. Wendelin, kijana mnene mwenye fulana ya kiwanja, alisimama mlangoni amenyoosha mikono.

"Huruhusiwi kugusa hiyo ken—"

Bega la Odilia likampeleka ndani.

Ngaaa! Ngaaa!

Wanawake wa Lukombe walianika.

Hawakuanika kama siku zote. Waliburuta maturubai hadi katikati, wakayamwaga, wakarudi pembeni mbio. Mpunga wa msimu mzima. Chakula cha watoto, ada za shule, mabati ya mwakani. Wote ukaenda mchangani mbele ya magurudumu ya Lenz.

Cessna ilikuja kasi. Ikaingia kwenye mpunga, ikayumba. Punje zikaruka kama mvua. Halafu turubai moja la bluu likanyanyuka na upepo, likajisokota kwenye propela mara moja, mara mbili.

Injini ikakohoa. Ikafa.

Lenz alishuka mikono juu, amejipaka tabasamu.

"Dada yangu, tuongee. Hakuna aliyeumia."

Odilia alimpiga kofi. Halimo kwenye mafunzo ya Kitengo. Alilitoa mfukoni mwake mwenyewe.

"Sasa mmoja ameumia," alisema, akamfunga pingu.

*

Ndege ya Lenz ilisukumwa nyasini na wanawake wenye hasira, na hasira ina nguvu kuliko trekta. Wengine wakafagia njia. Odilia akamkalisha Wendelin kwenye kiti chake, mbele ya simu yake.

"Yalikuwa maneno mawili tu," Wendelin alilia. "Walisema ni maneno mawili, hayamdhuru mtu."

"Ulisomeshwa ujue yanamdhuru nani. Piga."

Upande wa pili, Dar es Salaam, ofisa wa zamu alipokea. Pantaleo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Lukombe, toa hali ya kiwanja."

Wendelin akameza mate. "Kiwanja ni kikavu chote, kipo safi, kifung—"

Odilia akaziba simu kwa kiganja.

Upande wa mto palikuwa na tope. Bado. Magurudumu ya Lenz yalikuwa yamepachimba mtaro.

Bernadetha alikuwa mlangoni. "Dada, acha aseme hivyo hivyo! Rubani akisikia tope hatakuja! Nakuomba."

Odilia alimtazama. Kwa sekunde kadhaa, ukweli ulikuwa mzito kuliko Glock. Neno moja dogo tu. La huruma. Lisilomdhuru mtu.

Akaondoa kiganja.

"Sema lilivyo," alimwambia Wendelin. "Lote. Ukikosea tena, nakuacha na Bi Yosefina, mimi nakwenda kunywa chai."

Wendelin akasema. Upande wa mto una tope na mtaro, usitumike. Palipo na tope alitoka akapima kwa hatua, Odilia akihesabu pembeni yake. Kuanzia kibandani hadi mwisho, kukavu. Ndege mbovu iko nyasini, kushoto. Ofisa akarudia kila neno, akauliza tena la mtaro, akarudia.

"Tangazo limetoka," Pantaleo alisema sikioni.

Bernadetha alikaa chini, mikono kichwani.

Thuraya ikalia.

"Ritha hapa. Nimelisoma. Huo mtaro uko upande wa mto kweli?"

"Kweli."

"Ningetua hapo. Siku zote naanzia hapo, upepo ndio unavyotaka." Kikohozi cha injini kikasikika nyuma yake. "Nitalipita, nishukie upande wa kibandani. Mwandaeni mama."

Caravan ya madaktari ilitokea juu ya maji ikiwa nyeupe. Ikapita juu ya tope bila kuligusa, ikashuka pale palipoandikwa kukavu. Magurudumu yaligusa ardhi taratibu, kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

Dativa alipakiwa akiwa ameshika mkono wa Bernadetha. Mlango ukafungwa. Ikaruka.

Bi Yosefina aliitazama hadi ikawa nukta. Kisha akageukia lundo la mpunga uliochanganyika na changarawe, na wanaume watatu wenye pingu waliokuwa wamekaa kivulini.

"Polisi wanafika saa ngapi?" aliuliza.

"Barabara mbaya, mama. Labda jioni."

"Vizuri." Akaweka ungo mapajani mwa Lenz. Mwingine kwa mlinzi. Wa tatu, mkubwa kuliko yote, kwa Wendelin. "Toeni mawe. Nikiuma hata moja, tunaanza upya."

Jioni polisi walifika, Bi Yosefina akawaambia wasubiri mawe yaishe, na Odilia akawasha Boxer. Akiwa ameshapita Lupiro, simu ikatetemeka. Bernadetha.

"Wa kike. Wote wazima."

Akasimama katikati ya maji, akamwandikia Pantaleo:

"Mchele umechambuliwa. Ule wa Lukombe bado, lakini una watu wa kuuchambua."

Akaweka simu mfukoni, akarudi Ifakara kudai kambale wake.