Jina Alilolikubali Mtoto wa Akal

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 16 Agosti 1993, Akal alimkunjua mwanawe mchanga ngumi ili amwoshe, akakuta kiganja kimejaa vumbi la jiwe. Lilikuwa jekundu, laini na la baridi, kama lile linalomwagika chini ya patasi. Nyumba yao hapo Nawoitorong, mjini Lodwar, ilikuwa ya miti na makuti ya mkoma, na sakafu yake mchanga mtupu.

"Umeniletea kazi yako nyumbani," alimtania mumewe, Lopeyok. "Nawa kwanza ndiyo umshike mtoto."

Lopeyok akaitazama mikono yake. Alikuwa amekwisha kunawa.

Lopeyok alikuwa mwashi. Tangu mwezi wa Mei mwaka huo alikuwa ameajiriwa Kakuma na wakimbizi wa Kihabeshi, waliotaka kuchongewa chumba cha sala ndani ya kilima nje ya kambi, wapate kuikumbuka monasteri waliyoiacha kwao, iliyochongwa yote katika mwamba mmoja. Kiongozi wao, mtawa mzee aliyeitwa Aba Habte, alizoea kumsimulia Lopeyok na mwenzake Majok, Mdinka wa Sudan, habari za mtakatifu aliyeichonga. Mtakatifu alichonga mchana, na jini akachonga usiku. Jini hakuwa na jina. Mtakatifu akampa moja ili aweze kumwamuru. Kazi ilipokwisha, jini akadai ujira wake, nao ni mwili wa kukaa. Mtakatifu akamfungia ukutani, akaagiza kwamba jina lile asipewe kiumbe yeyote mwenye damu.

"Jina lenyewe nani, Aba?" Majok aliuliza siku moja wakila maharagwe.

"Hatulitaji."

"Mzee mzima unaogopa? Jini yako itavuka mpaka bila karatasi? Sisi wenyewe tulisota foleni!"

Wakacheka wote. Aba Habte, ambaye kicheko kilikuwa kimemhama kwa miaka mingi, alisahau nafsi yake, akainama na kulitaja kwa sauti ya chini. "Kulitaja si kitu," alisema. "Kumpa mtu ndiko balaa."

Sasa, katika ukoo wa Lopeyok mtoto hujichagulia jina. Huwekwa titini, na wanawake huwataja marehemu mmoja baada ya mwingine. Jina analolipokea kwa kunyonya ndilo lake. Aliye hai hatajwi kamwe. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti, mama yake Lopeyok, bibi Abei, aliwataja marehemu wote aliowajua. Mtoto alikaza midomo. Hakuwa amenyonya tangu alfajiri, na shingo yake ilianza kulegea. Lopeyok, aliyeketi mlangoni akiogopa kufiwa, alisaka kichwani jina lolote la mtu asiyekuwa miongoni mwa walio hai. Likamjia moja alilolisikia Kakuma, akalitamka.

Mtoto alifumbua macho, akanyonya kwa nguvu hata Akal akapiga yowe. Wanawake wakashangilia.

Vumbi lilionekana siku ya tatu. Kisha ikaja harufu ya ubani na ya pango lenye maji, katika mji ambao haukuwa umepata mvua. Kisha, kwenye jua la utosi, mbuzi wamelala na hakuna mtu njiani, Akal alisikia patasi ikigonga, tok, tok, akadhani ni jirani, akatoka nje na kukuta kimya, akarudi ndani na kuisikia tena, akaifuata kwa sikio ukutani, mlangoni, chini ya ngozi ya kulalia, mpaka akajikuta ameinama juu ya mwanawe, ambaye alikuwa mzito na wa baridi kama jiwe la mtoni, na sauti ile ilikuwa ikitoka ndani ya kifua chake.

Lopeyok alikwenda Kakuma kwa lori, akarudi na Aba Habte. Mtawa aliweka sikio kifuani mwa mtoto, akalia.

"Jini anajichongea chumba," alinong'ona. "Akimaliza, atahamia."

"Mtoe, Aba!" Akal alisihi.

Mtawa alisali, akamnyunyizia mtoto maji ya baraka. Patasi haikukosa pigo.

"Alipewa jina kwa haki," alisema hatimaye. "Mtoto akipokea jina jingine, hili la kwanza litamrudia aliyempa."

"Marehemu wote amewakataa," alisema Abei.

Lopeyok akapiga magoti mbele yake. "Mama, nitaje mimi."

"Wewe uko hai."

"Nitaje, mama. Ataishi."

"Unataka nimzike mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Patasi iligonga, na mtoto akatoa vumbi puani. Abei alifunika uso kwa viganja, akalitaja jina la mwanawe, Lopeyok, kama wanavyotajwa waliokufa. Mtoto alitapika tope jekundu, akapata joto, akanyonya. Patasi ikanyamaza. Kisha Lopeyok akaweka mkono kifuani pake, taratibu, kama mtu anayebishiwa hodi.

Alirudi Kakuma bila kuaga, akaingia katika chumba alichokichonga mwenyewe. Majok alimpitishia mawe huku akilia, naye akauziba mlango kutoka ndani, kwa ustadi wake wote.

Kila tarehe 14 Agosti Akal alikwenda kilimani na mwanawe, akaweka sikio ukutani. Patasi iligonga mwaka 1994, na 1995, na miaka iliyofuata. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1999, saa sita mchana, haikugonga. Alisubiri. Ubani ukapenya kwenye viungo vya mawe, na kutoka ndani ikaja sauti ya mumewe, ya upole, isiyozeeka, ikimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Akal. Nifungulie. Kazi imekwisha."

Mkono wa Akal ulikuwa tayari umeshika jiwe la juu. Akauzuia.

"Wewe nani?" aliuliza. "Nitajie jina lako."

Sauti ile ile ikaanza kulitaja lile jina la kwanza la mwanawe, na Akal akamziba mtoto masikio kwa mikono yote miwili.