Jini Aliyependa Kuulizwa

Aliyewaona inzi wale kwanza ni Apolonia. Mumewe, Thobias, alikuwa mezani akimweleza habari za chuo, na inzi wawili wakatua pembeni mwa midomo yake. Hakuwafukuza. Mmoja akatembea juu ya mdomo wa chini, akaingia ndani. Apolonia alisubiri ateme. Thobias akameza, akaendelea na maneno yake.

Thobias alikuwa mchungaji msaidizi wa kanisa dogo mjini Shinyanga, na mwaka huo alikuwa anamalizia shahada ya uzamili katika mambo ya kiroho. Tasnifu yake ilihusu majini wanaosemekana kukaa kwenye mashimo ya dhahabu. Alikuwa ametoka Katoro kumhoji Limi, mwanamke aliyewapikia wachimbaji, ambaye jini mmoja alikuwa amemwingia. Alirudi amechangamka sana. Msimamizi wake alisoma sura mpya akampigia simu kumsifu, akasema imeandikwa kama na mtu aliyekaa humo ndani.

Kisha mdomo wake ukaanza kunuka. Mwanzoni Apolonia alidhani ni jino bovu, akamnunulia mswaki mpya. Lakini harufu ilizidi, ikawa kama maji ya machinjioni yaliyolala juani, ikakaa kwenye mito na mapazia, na hata kanisani akina mama wakahama mabenchi ya mbele. Ugali aliuzungushazungusha tu kwenye sahani. Badala yake alikuwa akirudi kutoka sokoni na utumbo wa ng'ombe ambao haukuoshwa, na Apolonia hakuwahi kuuona jikoni.

"Baba Loveness, ule utumbo unampelekea nani?" aliuliza siku moja.

"Kuna mtu anaupenda," alijibu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Alasiri moja Apolonia alifunga mapema kibanda chake cha mitumba, na alipofika uani akasikia mtu anatafuna, mtafuno wa majimaji, wa polepole, akaufuata hadi nyuma ya jiko, na hapo akamkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, utumbo mbichi umelala mapajani mwake na mavi ya kijani yakichuruzika hadi kwenye viatu vyake vya kuhubiria, naye anatafuna, anatafuna, kisha anainama na kumtilia mtoto wao mdogo alichokitafuna, mdomo kwa mdomo, na Loveness ameachama kama kifaranga, anameza, anajilamba, anasema, "Tena, baba."

Apolonia alimnyakua mtoto, akamtia kidole kooni mpaka akatapika vyote. Akamgeukia mumewe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba Loveness. Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Thobias, akijipangusa kidevu. Halafu mdomo uleule ukatoa sauti nyingine, nzito, tulivu. "Na mimi nipo."

Asubuhi yake wote watatu walipanda basi la Katoro kumtafuta mganga aliyemtibu Limi. Thobias hakukataa. Alisema kuna maswali alisahau kuuliza. Abiria walifungua madirisha, na mmoja akatapika kwenye kofia yake.

Mganga huyo aliitwa Bi Kudra, mama wa makamo mwenye ua safi nyuma ya soko. Limi alikuwa pale pale, amenawiri, anaosha vyombo. Alipomwona Thobias alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Shikamoo, mama," alisema Apolonia.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja." Bi Kudra aliziba pua kwa ukaya. "Siku ile nilikuwa tayari kumtoa yule jini. Mumeo akaniomba ningoje, hajamaliza maswali yake. Huyu binti anagaragara chini, yeye anamsogezea simu amrekodi."

"Akamwuliza jini akitoka ataenda wapi," alinong'ona Limi. "Akajibiwa, kwa anayetaka kunijua. Yeye akacheka, akasema karibu."

Bi Kudra alimketisha Thobias kwenye mkeka. "Ulimkaribisha kwa mdomo wako. Sema kwa mdomo huohuo kwamba hutaki kumjua tena."

Thobias alitazama chini. "Wiki ijayo naitetea tasnifu," alisema taratibu. "Ngojeni nimalize tu."

"Na mimi uliniambia hivyohivyo," alisema Limi.

Apolonia alimweka Loveness mbele ya baba yake. Mtoto alimtazama usoni, akaachama.

Hapo Thobias akalia, akayasema maneno yale. Bi Kudra akafukiza ubani, akamnywesha kombe, maji ya dawa yaliyooshewa maandishi, na tumbo la Thobias likapanda na kushuka kama gunia lenye paka ndani, akatapika maji, akatapika kinyesi cha kijani na matope meusi ya mashimoni, akatapika nywele ndefu zilizosokotana ambazo ilibidi Limi azivute kwa mikono miwili, na mwisho kabisa pande la nyama mfano wa ulimi, lililojipindapinda beseni zima likijaribu kusema, mpaka Bi Kudra alipolimwagia makaa na ua mzima ukanuka nyama iliyooza ikichomwa.

Waliporudi nyumbani Thobias alifuta mahojiano yote, akakiandikia chuo kwamba ataanza upya na mada nyingine. Mdomo wake haukunuka tena. Jioni Apolonia alisonga ugali, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mumewe alikula, mtoto amempakata.

"Mama Loveness," alisema kwa sauti ya chini, "unadhani yule jini alinilazimisha kula vile vitu?"

"Hakukulazimisha?"

"Hapana. Vilikuwa vitamu."

Apolonia aliacha kutafuna. "Na sasa?"

Thobias alilitazama tonge mkononi mwake, akajikaza kulimeza.

"Sasa ugali ndio unaonitia kichefuchefu."

Apolonia alinawa mikono. Akamwinua Loveness kutoka mapajani mwa baba yake, akachukua khanga mbili, akaenda naye kulala kwa jirani.