Nyimbo Tisa za Anyesi

"Umezifuta zote?" Anyesi aliuliza.

"Zote. Memori kadi ilijaa," Sila akajibu. "Nimeweka za kwaya, za sherehe ya sendofu yako."

"Zote tisa?"

"Magita yale hata lugha yake hatuijui. Mzabibu usipopogolewa hauzai, Anyesi."

Anyesi aliweka mkasi chini, akavua glavu, akatoka shambani Makutupora. Jioni alikuwa kwao Mvumi, na simu ya Sila hapokei.

Wanaume bwana. Sila alikuwa fundi wa kupogoa, na kosa lake lilitoka hukohuko kwenye ufundi: amezoea kukata kila kinachosongamana bila kumuuliza mtu. Mzabibu haukasiriki. Mchumba anakasirika.

Kadi yenyewe Anyesi aliinunua kwa fundi simu mjini Dodoma, ikiwa imetumika, akakuta humo nyimbo tisa zisizo na majina, namba tu. Magita yanakwenda taratibu, watu wanaitikia na kupiga makofi. Mwanafunzi mmoja wa chuo alimwambia hiyo ni albamu ya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara. Yeye magita hayo yalimkumbusha zeze la marehemu babu yake, na tangu hapo hakupogoa hata mstari mmoja bila redio yake ndogo kuzipiga. Sila alilijua hilo vizuri, na hilo ndilo lililomuuma Anyesi.

Siku ya tatu ujumbe ukaingia: "Umefuta nyimbo zangu bila kuniuliza. Tukioana utanifutia nini? Mwambie mshenga asije Jumapili."

Mshenga alikuwa aende kupanga tarehe ya ndoa. Sila aliusoma ujumbe mara mbili, akakaa kwenye udongo. Alimpenda Anyesi na hakuwa na mwingine.

Alimfuata Generosa, msimamizi wao, akamweleza yote.

"Umeharibu," Generosa alimwambia. "Lakini mimi ninazo tatu. Alinirushia."

Kumbe karibu shamba zima lilikuwa limemwomba Anyesi awarushie, huyu mmoja, yule mbili. Sila akapita mstari kwa mstari, simu mkononi, akiomba radhi na kuomba nyimbo. Wambura wa trekta alikuwa na mbili. Namba zilikuwa zimebadilika kila simu, ikabidi azisikilize zote asije akachukua mmoja mara mbili, na wa nne ukamnasa. Akajikuta anaurudia huku anapogoa, aibu imemjaa, kwa sababu miezi yote ile ulipigwa pembeni yake na hakuwahi kuusikiliza. Kufikia Ijumaa alikuwa na nane. Wa tisa hakuna aliyekuwa nao.

Jumamosi alikwenda Mvumi. Mama yake Anyesi alikuwa uani anapepeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yumo ndani. Amesema hataki kukuona."

Sila hakubisha. Alichuchumaa karibu na ukuta, akamwomba mama ruhusa ampigie hapohapo, akapiga.

Dirishani gita likaanza, taratibu, kisha makofi. Sila aliiondoa simu sikioni. Ulikuwa wimbo wa tisa. Hakuwahi kuusikia ukiita, maana kila alipompigia alikuwa mbali naye.

"Huo ni wako," mama alisema bila kuacha kupepeta. "Wengine wakipiga inalia kengele tu. Wiki nzima umetuchosha nao."

Simu ikapokelewa.

"Unasemaje?"

"Nimezitafuta kwa watu. Nimepata nane. Wa tisa sikuupata."

"Huo ninao kwenye simu."

"Nimeusikia. Mbona hukuufuta, na hasira zote hizo?"

"Niliuweka uwe wako. Mimi sifuti cha mtu bila kumuuliza."

Machozi yalimlenga Sila, fundi mzima.

"Nimekosa, Anyesi. Nilijifanya najua cha kukata. Sasa nakuuliza kwanza: mshenga aje kesho, au asije?"

Mlango ulifunguliwa. Anyesi alisimama kizingitini, simu bado iko sikioni, macho yamevimba.

"Aje," alisema. "Na hizo nane nipe."

Walikaa karibu na ukuta wakazirudisha mmoja mmoja kwenye kadi, na kila mmoja Sila aliuliza uwekwe wapi. Walipofika wa nne aliomba usikilizwe mpaka mwisho. Mama akasogeza ungo wake karibu, akawaambia waongeze sauti.