Pumzi Tatu Kabla ya Karata ya Kwanza

Yaliyomkuta kinyozi wa mtaa wetu aliyasimulia mara moja tu. Hakurudia tena.

Ulikuwa mchana wa kawaida, jua kali, wateja wameadimika. Kinyozi alijibwaga kwenye kiti chake cha kunyolea, akafungua simu. Zamani, saa kama hiyo, alikuwa akipambana na mkewe: yeye kibandani, mkewe kwenye cherehani yake mtaa wa pili. Ulikuwa mchezo wa karata wa kwenye simu, usio na zamu. Kila mmoja ana ngome yake, na nguvu zake zinajaa zenyewe chini ya kioo cha simu. Ukitupa karata mapema, unabaki mtupu. Ukichelewa, unavamiwa.

Mkewe alikuwa moto wa kuotea mbali.

"Una papara, mume wangu," alikuwa akimcheka. "Vuta pumzi tatu kwanza. Muache mwenzako ajianike."

Kinyozi akajifunza kungoja.

Sasa ilikuwa miezi minne tangu amzike. Alfajiri ile mkewe alimshika mkono, akamwambia kifua kinambana. Yeye, usingizi umemlemea, akamjibu, "Ngoja kidogo kupambazuke." Kulipopambazuka, mkono ule ulikuwa wa baridi. Siri hiyo hakumwambia mtu.

Simu ikatetemeka. Mwaliko wa pambano. Jina lililoandikwa lilikuwa Mama Sindano, jina la mkewe la mchezoni. Simu ya marehemu ilikuwa imezimwa, imefungiwa kabatini nyumbani. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Akakubali.

Uwanja ukafunguka. Nguvu zikaanza kujaa. Hakutupa. Mwenzake hakutupa.

Akasikia mtu anavuta pumzi sikioni mwake. Moja.

Akageuka. Kibanda kitupu. Vioo vyote vilimwonyesha yeye peke yake.

Ya pili. Ndefu, yenye kukwaruza.

Akangoja ya tatu. Nguvu zikajaa pomoni. Jasho likamtiririka. Ya tatu haikuja.

"Anza wewe," akanong'ona. "Nakuomba, mke wangu. Anza."



Akatupa karata ya tabibu, ndiyo iliyoguswa na kidole chake. Tabibu akatua uwanjani, akazunguka, akazunguka, akitafuta wa kumtibu. Hapakuwa na mtu. Ng'ambo, ngome ya mkewe ikaanza kubomoka yenyewe, tofali baada ya tofali, bila kuguswa.

Kioo cha simu kikaandika: Umeshinda.

Kinyozi alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akatoka, mlango akauacha wazi, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alimkuta sebuleni, amejikunyata.

"Mama, nina jambo limenikaa rohoni. Alfajiri ile aliniambia kifua..."

"Ukamwambia angoje kidogo," mama mkwe akamalizia, kwa sauti ya chini.

"Nani kakwambia, mama?"

"Mwenyewe. Katoka sasa hivi, hujapishana naye? Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia." Machozi yakamdondoka bibi wa watu. "Hakulaumu, mwanangu. Aliuliza tu kama siku hizi unalala."

Akaonyesha kwa kidevu kiti cha pembeni.

Mto wake ulikuwa umebonyea katikati. Wakautazama wote wawili, ukiinuka taratibu.