Kidevu cha Brashi

Katika bweni la makuruta siku huanza kwa kidevu. Kabla ya uji, kabla ya mbio, kabla hata mtu hajajua kama ameamka au bado anaota, makuruta hujipanga kwenye karo refu la saruji nje ya bweni. Maji ya bomba ni ya baridi. Kila mmoja ana mfuko wake mdogo wenye sabuni, mswaki, wembe wa mpini na kopo la dawa ya viatu. Kioo ni kimoja tu, tena kimepasuka pembeni, na vichwa vyote vinagombea nafasi mbele yake.

Miongoni mwao walikuwepo vijana wawili waliotoka nyumba moja. Mmoja aliitwa Brashi kwa sababu ya ndevu zake. Zilikuwa ngumu na zimejikunja, tena zilikuwa na haraka kuliko mwenyewe. Akinyoa asubuhi, jioni zimesharudi. Wa pili alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake. Huyo walimwita Yai, maana kidevu chake kilikuwa laini kama yai lililomenywa. Shangazi ndiye aliyewalea wote wawili. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, wakavaa shati moja kwa zamu. Kwao, changu na chako yalikuwa maneno ya watu wengine.

Baada ya kunyoa ulifuata ukaguzi. Sajini wao alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Alitembea na kipande cha pamba. Alikipitisha shavuni mwa kila kuruta, kutoka chini kwenda juu. Pamba ikiteleza, umepona. Ikinasa, unarudi karoni kunyoa upya, kisha unazunguka uwanja mbio huku wenzako wakinywa uji. Pamba hiyo ilimpenda sana Brashi. Ilinasa kwake kila siku.

Basi Brashi akaamua kupambana na ndevu zake. Alivuta ngozi kwa vidole mpaka ikakaza. Alipandisha wembe kinyume cha ndevu, akarudia, akarudia tena, akikandamiza kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Kesho yake kidevu kiling'aa na pamba ikateleza. Alifurahi kweli. Lakini siku chache baadaye vilitoka vipele chini ya taya, vigumu, vya kuwasha. Pamba ikaanza kunasa kwenye vipele. Brashi hakujua kwamba kinachonasa si ndevu, akazidi kukwangua. Vipele vikatoa damu, kisha usaha.

Hapo hofu ikamwingia. Bwenini kulikuwa na uvumi kwamba kuruta mmoja aliota vidonda usoni, akabebeshwa sanduku lake na kutolewa getini. Jina lake hakuna aliyelijua, lakini kisa chake kila mtu alikijua. Brashi alikisadiki chote. Alikuwa amehangaika na vibarua kwa miaka, na nafasi hii ndiyo kazi ya kwanza ya maana aliyowahi kuipata. Akirudishwa, hakukuwa na nyingine inayomngoja. Kila filimbi ilipopulizwa, alidhani anaitwa yeye.

Yai alimshauri aende kituo cha afya cha kambi. Brashi alikataa katakata.

"Wakishaniona tu, nimekwisha," alisema. "Nitarudi nyumbani na sanduku kichwani. Shangazi ameshatangaza mtaa mzima kwamba ana askari wawili. Utamwambia amebaki na mmoja?"

Wembe wake nao ulikuwa umekuwa butu. Nyembe mpya zilikuwepo stoo, tena za bure, ila mtunza stoo alikuwa na mdomo. Kuruta akiomba wembe, yeye humuuliza kama ule wa kwanza ameula. Brashi aliona heri kukaa na wembe butu kuliko kusimama mbele ya mdomo ule. Yai akamwonea huruma, akampa wa kwake.

"Chukua, bwana. Undugu ni kufaana."

Tangu siku hiyo wakatumia wembe mmoja. Kuruta mmoja jirani wa kitanda naye akaja na shauri lake, kwamba vipele vipakwe dawa nyeusi ya viatu kidogo ili visionekane. Mfa maji haachi kutapatapa. Brashi alipaka. Ngozi ilimuuma mpaka machozi yakamtoka, akajikaza, akasema ndiyo inafanya kazi.

Asubuhi iliyofuata uso ulikuwa umevimba. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu, na mwili ulimchemka kwa homa. Alisimama mstarini akiomba kimoyomoyo sajini apite haraka. Sajini alisimama. Alipitisha pamba, akaitazama. Ilikuwa nyeusi. Akatazama kidevu cha Brashi, kisha akatazama viatu vyake.

"Kuruta, leo umepiga rangi wapi?"

Mstari mzima uliangua kicheko. Sajini alimsogelea, akamwangalia kwa karibu, na uso wake ukabadilika. Alimwamuru Yai amshike mwenzake mkono, ampeleke kituo cha afya bila kuchelewa. Brashi alitembea kama anapelekwa kuzikwa. Alikuwa na hakika kwamba huko nyuma sanduku lake limeshaanza kufungwa.

Tabibu wa kambi alikuwa mama wa makamo ambaye makuruta walimwita Mama Sindano, pale tu alipokuwa mbali. Alimlaza Brashi, akamsafisha uso taratibu kwa maji na sabuni mpaka weusi ukatoka. Hakumgombeza. Kisha akageuka kumtazama Yai aliyesimama mlangoni.

"Na wewe sogea hapa kwenye mwanga."

Yai alisogea. Kwenye kile kidevu laini kulikuwa na vipele viwili vyenye vichwa vya usaha. Mama Sindano aliuliza kama wanatumia wembe mmoja.

Brashi alijua kwamba jibu lake linaweza kumtupa nje ya kambi, na sasa linaweza kumtupa nje na Yai pia. Shangazi angewapokea wote wawili siku moja. Lakini alitazama kidevu cha binamu yake, na moyo ukamuuma kuliko ngozi.

"Ndiyo, afande," alisema. "Mimi ndiye niliyeutumia wa kwake. Kosa ni langu."

"Na nani mwingine aliutumia?"

Swali hilo Mama Sindano alimuuliza Yai, mwenye wembe. Alianza kuwataja. Yule wa kitanda cha juu. Yule anayekoroma. Wale marafiki wawili wa karibu na mlango. Halafu akasita, macho yamemtoka.

"Sijui, afande. Walikuwa wanauchukua na kuurudisha. Sikuwa namnyima mtu."

Mama Sindano alivuta kiti akakaa. Aliwaeleza polepole, na kila neno liliwashuka kama maji ya barafu. Wembe hukata ngozi hata pale usipoona damu. Damu kidogo sana hubaki kwenye wembe, hata ukisuuzwa. Kwa njia hiyo unaweza kupata vijidudu vya vidonda kama walivyopata wao. Unaweza pia kupata homa ya ini, hata virusi vya UKIMWI. Kwa UKIMWI hatari ni ndogo, lakini ndogo haina maana kwamba haipo.

"Wote waliotumia wembe huo nawataka hapa leo hii," alisema. "Dawa ya kuzuia UKIMWI hufaa ukiwahi, kabla siku tatu hazijapita. Ukikaa unaona haya, siku hazitakusubiri."

"Lakini undugu, afande..." Yai alianza.

"Undugu ni kufaana, mwanangu. Kula naye, lala naye chumba kimoja, mkopeshe hata shati. Wembe na mswaki, kila mtu na chake."

Mchana ule makuruta walikwenda kituoni mmoja mmoja, vichwa chini. Walipimwa wote, na waliohitaji dawa ya kuzuia wakapewa. Hakuna aliyekutwa na virusi vya UKIMWI. Lakini mmoja wao alikutwa na homa ya ini, naye mwenyewe hakuwa akijua. Mama Sindano hakumtaja. Alisema jina hilo si la bweni, ni la mgonjwa na tabibu wake, na kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa kusalimiana wala kula pamoja. Wengine aliwachoma chanjo ya homa ya ini hapohapo, akawaambia watarudia chanjo na vipimo, kwa kuwa virusi huweza kujificha kwa muda kabla ya kuonekana.

Ndipo Brashi akapata ujasiri wa kuuliza lile aliloliogopa siku zote. Aliuliza watafukuzwa lini, kama yule kuruta wa sanduku.

Mama Sindano alimshangaa. Yule kuruta wa uvumi, alisema, alivunjika mguu na kupelekwa hospitali, na sanduku lake lilimfuata tu.

"Hakuna anayerudishwa kwao kwa sababu ya vipele vya kunyoa. Kinachoharibu watu hapa ni kujificha."

Alimpa dawa, akamwandikia apumzike kunyoa mpaka ngozi ipone, na sajini alitii maandishi hayo bila neno. Ngozi ilipopona, Mama Sindano alikuja mwenyewe karoni kufundisha bweni zima. Alieleza kwamba ndevu zilizojikunja zikikatwa chini sana, zikianza kuota hujipinda na kuichoma ngozi, na hapo ndipo kipele huanza. Kwa hiyo osha uso kwanza, kwa maji ya vuguvugu ukiyapata. Ukiyakosa, weka taulo bichi usoni kwa muda. Paka povu la sabuni, uliache lilainishe ndevu. Papasa ujue ndevu zinalala upande gani, na wembe ufuate upande huohuo. Usivute ngozi. Usikandamize. Usirudierudie. Suuza wembe kila unapopitisha, na ukiwa butu, omba mwingine. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitia pamba yake mfukoni. Alisema kuanzia siku hiyo atakagua kwa macho.

Videvu vilipona, lakini hofu ya vipimo ilibaki. Brashi na Yai waliibeba kimyakimya kwa miezi, kwenye gwaride, kwenye mbio, mbele ya sahani ya chakula. Yai aliacha kutania. Brashi alimwomba msamaha mara nyingi mpaka Yai akamkataza. Siku ya kipimo cha mwisho walikaa kwenye benchi la kituo bila kutazamana. Mama Sindano alitoka akawaambia wako salama wote wawili. Brashi alilia mbele za watu, na hakuona haya.

Kesho yake asubuhi, karoni, kuruta mmoja alimgusa Brashi bega. Wembe wake ulikuwa butu, na sajini alikuwa anakuja. Aliomba aazimwe, mara moja tu. Brashi aliiona hofu machoni mwake. Aliijua vizuri hofu ile, na mkono wake ulikuwa umeshaelekea mfukoni kwa mazoea. Akaurudisha.

"Hapana, ndugu yangu. Sabuni chukua. Wembe siazimi."

"Leo umekuwa mchoyo, Brashi?"

"Kwa wembe, mimi mchoyo. Twende stoo, nakusindikiza."

Mtunza stoo aliwauliza kama nyembe wanazila, kisha akatoa mmoja mpya. Walichelewa mstarini wote wawili, sajini akawazungusha uwanja huku wenzao wakinywa uji. Brashi alikimbia na njaa yake, kidevu kikiwa na ndevu kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kambini hakuwa akiogopa kitu.